Bodi ya gemu iliyoandika IIGI SCOSE

Bodi niliyokuwa naitengeneza ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ya gemu la kupigana na vyombo vya angani. Ubongo wake ni Z80, chipu ileile iliyoendesha Pac-Man ya 1980. (Galaga ya 1981 ilibeba Z80 tatu kwa mpigo, kwa hiyo nilijihesabu mwenye bahati.) Mimi si fundi wa kusomea. Napenda tu vitu vya zamani, na nina mita, kalamu ya kupimia mantiki (huwasha taa kuonyesha kama waya uko juu, yaani 1, uko chini, yaani 0, au unadunda) na subira ya wastani.

Niliichomoa bodi kwenye kabati la mashine nikaifanyia kazi mezani. Sababu kubwa ni kile kioo cha skrini ya kizamani: ndani yake mna volti zinazofika hata 20,000, na kinaweza kuendelea kushika chaji baada ya umeme kuzimwa. Asiyejua kuitoa chaji hiyo asipeleke mkono huko nyuma.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa skrini kujaa takataka za rangi, kufutika, kisha kujaa tena. Nikagusisha kalamu kwenye mguu wa 26 wa Z80, ule wa kuanzisha upya. Ulipaswa kutulia juu, lakini ulikuwa unadunda. Kuna saketi ya ulinzi ambayo husubiri programu iiguse mara kwa mara ili ijue mambo yanakwenda. Isipoguswa, inaizindua Z80 ianze upya. Yangu ilikuwa inazindua bila kuchoka.

Hapa wengi hukimbilia kung'oa chipu. Pima umeme kwanza, na uupimie kwenye chipu yenyewe, si kwenye pawa saplai. Kwenye pawa saplai nilipata volti 5.1, safi kabisa. Kwenye miguu ya Z80, kati ya wa 11 na wa 29, nikapata 4.6. Chipu za kizazi hiki zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Hiyo nusu volti ilikuwa inapotelea kwenye meno ya bodi, yale ya shaba pembeni yanayoingia kwenye konekta, ambayo yalishika weusi kwa miaka ya kupashwa moto. Nikayasugua kwa ufutio, nikayapangusa kwa spiriti, nikabadilisha na konekta iliyolegea. Gemu likaanza.

Kabla ya kusonga mbele nilizitoa ROM, chipu zinazohifadhi programu na picha za gemu, kwenye soketi zake, nikazisoma kwenye kompyuta na kuzilinganisha na MAME. Wengi wanaijua kama programu ya kuchezea magemu ya zamani, lakini kwa anayetengeneza bodi faida yake ni nyingine: tangu Nicola Salmoria alipoianzisha mwaka 1997 imekusanya CRC, yaani namba za kuhakiki yaliyomo, za ROM za maelfu ya magemu, hivyo unajua papo hapo kama chipu yako imepoteza kitu. Zangu zote zilioana.

Ila juu ya skrini, palipopaswa kuandikwa HIGH SCORE, paliandikwa IIGI SCOSE. Na nilipopata pointi 240, gemu lilionyesha 351.

Nilifurahi kupita kiasi. Bodi ilikuwa inanitajia ugonjwa wake. Kila herufi ina namba yake: H ni 72 na I ni 73, R ni 82 na S ni 83. Namba witiri zilikuwa zinaonekana sawasawa. Namba shufwa zote zilikuwa zimeongezwa moja. Kwa hesabu ya biti, zile 0 na 1 zinazounda kila namba, hiyo ina maana moja tu: biti ya mwisho, ambayo kwa shufwa ni 0, imekwama kwenye 1.

Imekwama wapi? RAM, kumbukumbu ya muda, haikuwa na hatia, kwani gemu linapowaka Z80 huandika humo na kusoma tena, na jaribio hilo lilipita. Vyombo vya angani navyo vilichorwa vizuri, ila vina njia yao tofauti. Ikabaki njia ya kutoka RAM ya skrini kwenda ROM ya maumbo ya herufi, na mchoro wa saketi ukaonyesha kwamba katikati yake imekaa 74LS273, chipu inayoshika biti nane kwa muda na kuzipitisha.

Mguu wa 11, wa saa inayopanga mwendo wa chipu: mapigo. Mguu wa 3, wa kuingilia: mapigo. Mguu wa 2, ambako biti hiyo hutokea: kalamu haikuwasha taa yoyote. Mita ikasoma volti 1.5. Kwa TTL, aina ya chipu kama hii, chini ya 0.8 ni sifuri na juu ya 2.0 ni moja. Hapo katikati, tena bila mapigo, ni dalili kwamba hakuna anayeuendesha waya. Na chipu ya TTL ikiachiwa waya wa namna hiyo kwa kawaida huuhesabu kuwa moja. Nikachukua 74LS273 mpya, nikaikandamiza juu ya ile ya zamani, mguu kwa mguu. HIGH SCORE.

Kuitoa chipu iliyokufa sikutumia ujanja. Niliikata miguu yote karibu na mwili wake, kisha nikachomoa mguu mmoja mmoja kwa kibano huku nikiupasha moto. Chipu ni ya bei ndogo. Njia za shaba kwenye bodi ya umri huu zikibanduka, kazi yake ni kubwa. Mguu wa 10 na wa 20 ndiyo sumbufu, kwa sababu imeungwa na shaba pana inayonyonya joto. Dawa ni kuongeza risasi mpya ya kulehemu kidogo juu ya ile kuukuu, ndipo inayeyuka. Matundu yakisafishwa, inaingia soketi, na chipu mpya inachomekwa humo.

Sauti bado ina mvumo mzito. Nashuku kapasita za amplifaya, na za kubadilisha nimeshaziagiza.