Amekuwa Hawezi

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mzee wa Pwani akiamka na homa, ukimjulia hali atakujibu neno moja tu: "Siwezi." Hakuambii hawezi nini; maana yake anaumwa. Lugha hiyo imo pia katika Biblia yetu ya Union Version ya 1952. Yule mtu wa birikani, penye mlango wa kondoo, "amekuwa hawezi kwa muda wa miaka thelathini na minane" (Yohana 5:5). Kijana wa bara akifika hapo hubaki akingoja sentensi iishe.

Kwa Kigiriki neno ni astheneia. Sthenos ni nguvu, na ile a- ya mbele inazikanusha, kama ha- yetu inavyofanya. Kwa hiyo "hawezi" limekaa mahali pake hasa, kuliko hata "mgonjwa".

Tena Yohana hasemi kwamba mtu huyu alikuwa kiwete. Neno la kiwete, kholos, analo. Amelitumia mstari wa 3 kwa baadhi ya waliolala pale matao. Huyu anamwita tu asiyeweza. Miguu tumemvunja sisi wahubiri. Mwenyewe alipoulizwa hakutaja miguu, alisema, "Mimi sina mtu wa kunitia birikani."

Neno hilohilo, astheneia, kwa Lazaro limefasiriwa "ugonjwa" (Yohana 11:4). Kwa mwanamke aliyepindana miaka 18 ni "pepo wa udhaifu" (Luka 13:11). Kisha linamfikia Paulo: "uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Paulo aliomba mara tatu mwiba uliokuwa mwilini mwake umtoke, akapewa neema, mwiba ukabaki. Sijasikia mhubiri hata mmoja akisema Paulo alipungukiwa imani. Lakini dada akiingia ibadani na magongo, tunamfungulia Luka 13 kabla hajapata pa kukaa, pepo tumeshamkemea. Astheneia ya mtume ni ushuhuda, ya dada ni kesi.

Nami nimo humo. Yesu alipomkuta yule mtu amelala alianza kwa kumwuliza, "Wataka kuwa mzima?" Hakujibiwa ndiyo wala siyo. Alipewa malalamiko ya miaka mingi, akayasikiliza, ndipo akamwambia ajitwike godoro lake. Mimi, dada mmoja wa magongo alipokuja kwetu, nilimwekea mikono siku ileile ya kwanza. Jina lake nililijua Jumapili ya tatu.