Kesi za majina ya malodi

Usiku watoto wakishalala, mimi husoma mabishano ya wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza. Nayapenda zaidi yale ya makabaila wa Uingereza: makala ya mtu mwenye cheo ipewe jina gani?

Kanuni yao ya kawaida ni jina la mtu, kisha namba na cheo. Ndiyo maana utamkuta Arthur Wellesley, 1st Duke of Wellington, yaani wa kwanza kushika cheo cha Duke wa Wellington. Cheo hurithiwa, na bila namba utamchanganya na mwanawe. Lakini mwanafalsafa Bertrand Russell, aliyerithi cheo mwaka 1931, ameachwa Bertrand Russell tu, maana ndivyo dunia inavyomjua. Mshairi Byron kapewa kinyume chake: Lord Byron, jina la kuzaliwa likakaa kando.

Anayetaka jina libadilishwe huweka pendekezo kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo. Linakaa siku 7, pengine zaidi. Watu wanaleta vitabu na magazeti: huyu huitwaje hasa? Kisha mhariri asiyehusika anafunga shauri kwa kupima hoja, si kuhesabu mikono. Wasipoafikiana, jina la zamani kwa kawaida linabaki.

Kinachonichekesha ni kwamba ukitafuta kwa jina lililoshindwa, mara nyingi utafikishwa kwenye makala ileile. Watu wazima wamegombana wiki nzima juu ya kibao cha mlangoni! Mimi ningewafuata wanaotaka jina fupi, isipokuwa pale baba, mwana na mjukuu wote wanapoitwa John.