Siku moja maishani mwangu: dereva wa watalii wa minara ya taa, Ziwa Michigan

Washkaji wangu wa Mwanza wakiona status zangu wanasema "mwamba unakula bata, kila siku uko bichi". Haya, leo nawapa siku nzima, Alhamisi iliyopita, mwezi wa saba, msimu wenyewe, halafu mtaniambia hilo bata liko wapi. Naishi Grand Rapids, jimbo la Michigan, naendesha kigari cha abiria 12 cha kampuni ndogo inayozungusha watalii kwenye minara ya taa ya zamani, ile iliyojengwa kuongoza meli usiku. Jimbo hili peke yake lina minara zaidi ya 100 na kuna watu, naapa, likizo yao yote ni kutoka mnara huu kwenda mnara ule.

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, chapati mbili za jana, naenda yadi, nakagua matairi, nafagia mchanga. Mchanga ule ule niliofagia jana. Sijui unajificha wapi.

Saa 1 asubuhi. Nachukua watu hotelini, 11 wapo, wa 12 bado anaoga.

Saa 2 na nusu. Tuko Holland, mji uliojengwa na Waholanzi. Mnara wao unaitwa Big Red, na kweli ni mwekundu kama pilipili, una paa mbili zenye ncha, ukiutazama ni nyumba zaidi kuliko mnara. Walioupaka huo wekundu ni walinzi wa pwani mwaka 1956, maana sheria ya majini huku Marekani ni kwamba ukiingia bandarini kutoka ziwani, nyekundu inakaa kulia kwako. Nahodha haangalii urembo, anaangalia rangi. Hii naieleza kila siku na kila siku kuna mtu anauliza mbona tumesimama ng'ambo, kwa nini tusiende kuugusa. Kwa sababu njia ya upande ule inapita kwenye ardhi ya watu binafsi na siku za kuruhusiwa ni chache kwa wiki, na kutokea huku ndio picha inapendeza. Hawaridhiki, ila wanapiga picha 400.

Saa 5 na nusu. Little Sable, karibu na Mears, baada ya kupanda juu kaskazini kwa barabara ya US-31. Huu ndio naupenda mimi, siwezi kuficha. Ulijengwa 1874, ni tofali tupu, urefu kama mita 33, umesimama mchangani peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Zamani ulikuwa na nyumba ya mlinzi pembeni, ikabomolewa miaka ya 1950. Ulikuwa na rangi nyeupe pia, wakaja kuikwangua mwaka 1977 ndio tofali zikaonekana. Juu kuna lenzi ya Fresnel, vioo vimepangwa duara kwa duara kama magamba ya sangara, kazi yake kukusanya mwanga wa taa ndogo na kuutupa mbali majini. Abiria wanapanda, mimi nabaki chini kulinda viatu, mikoba na mbwa mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha. Nimekula sandwichi yangu na mbwa ananiangalia mdomoni muda wote.

Saa 8 mchana tuko Ludington kwa ajili ya Big Sable, na hapa ndipo siku ilipoharibika.

Big Sable ni wa mwaka 1867, una mistari minene ya nyeusi na nyeupe, una ngazi 130 za chuma za kuzunguka. Tofali zake za mwanzo ziliumwa na baridi na upepo wa ziwa mpaka zikaanza kumeguka, mwaka 1900 wakauvalisha koti la vyuma na ndilo linaloushikilia mpaka leo. Mzuri sana. Tatizo, gari halifiki. Unaegesha kwenye hifadhi halafu unatembea karibu kilomita 3 za njia yenye mchanga, jua la utosi. Nimewaambia hotelini, nimerudia Holland, iko kwenye karatasi waliyosaini. Bado mama mmoja ananiuliza "sasa gari litatushusha mlango gani?"

Basi tukatembea. Nimebeba maji, mwavuli wa huyo mama, na kiti cha kukunja cha mtu ambaye hata simjui. Tumefika, watu wanashangilia, nikakaa kwenye kivuli, sijamaliza hata kuvua kiatu akaja mzee mmoja, mstaafu, makamo ya baba yangu, mpole kabisa, uso umemshuka. Kumbe hawa wapenzi wa minara wana kitabu kinaitwa pasipoti, pasipoti kabisa, kila mnara ukifika unagongewa muhuri. Na yake ameisahau garini.

Nikamwambia pole mzee, utapita siku nyingine. Akasema anatoka Arizona, hakuna siku nyingine. Akanyamaza. Kisha akasema kwa upole vilevile kwamba angeenda mwenyewe ila goti. Hapo mimi nawaza mambo mawili. La kwanza ni zile nyota wanazotupa wateja mtandaoni, maana bosi wangu anazisoma kila Jumatatu kwa sauti, na nyota moja inafuta tano zote. La pili, ni mzee, na mimi nimelelewa, huwezi kumwacha mzee anakuangalia hivyo. Duka lenye muhuri linafungwa saa 11. Saa yangu inasema 9 na dakika 20.

Nikaondoka. Njiani peke yangu, upande mmoja vilima vya mchanga, upande mwingine ziwa, maji ya buluu hayana ng'ambo, mtu mwingine angelipia kuwa pale na mimi nalipwa na natukana kimoyomoyo. Nikaanza kucheka mwenyewe. Mimi kugongewa muhuri kwenye pasipoti yangu ya kweli imenichukua miaka, nimepanga foleni ubalozini na faili la karatasi kifuani kama mtu anayepeleka posa, nimekataliwa mara moja nikarudi tena, na leo natembea kilomita 6 kwa ajili ya pasipoti ya kwenda kuangalia taa. Garini nikaikuta kwenye kimfuko cha siti, kijitabu kidogo, kimejaa mihuri ya kila mahali. Nikanywa maji nusu chupa, nikageuza. Kurudi mchanga umekuwa mzito, au miguu ndio imekuwa ya kuazima.

Nikafika saa 11 kasoro dakika 10, shati limenata mgongoni. Mzee ananyanyuka anatabasamu, mkononi ana kikaratasi. Dada wa dukani alishamgongea muhuri kwenye karatasi, anasema atabandika tu kwa gundi, watu wengi wanafanya hivyo.

Sikusema kitu. Kweli sikusema kitu. Akaenda kugonga na kitabuni pia, sasa Big Sable anao mara mbili.

Halafu kilomita 3 za kurudi garini, mara hii na kundi zima na mbwa. Kwa siku hiyo nimetembea kilomita 12 na mimi ni dereva.

Garini mzee akakaa siti ya mbele, nadhani aibu. Akauliza Afrika kuna maziwa? Nikamwambia mimi nimezaliwa kando ya ziwa kubwa kuliko hili lako. Hakuamini, akatoa simu, kimya kama dakika nzima. Victoria kama kilomita za mraba 68,800, Michigan 58,000. Nikaongeza sauti ya redio kidogo, nikiwa nimekaa vizuri. Baada ya Muskegon akasema "lakini letu lina kina cha mita 281, lenu kama 80 tu." Sawa mzee, kwa kina mmetushinda nyie.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipofika Grand Haven, jua bado lipo, huku mwezi wa saba linazama saa 3 usiku na dakika zake. Kule kuna minara miwili myekundu juu ya gati moja refu la zege, na daraja la chuma limepita juu kwa juu, zamani mlinzi alipita hapo mawimbi yakiwa yanaosha gati. Jioni hiyo upepo umegeuka, bendera nyekundu imepandishwa bichi. Vijana wawili wa kundi langu wanataka kwenda mpaka mwisho wa gati wakapige selfi. Nikakataa. Wakasema ziwa tu hili, sio bahari. Mimi mwaka 1996 nilikuwa darasa la pili Mwanza, MV Bukoba ilipozama tukasikia vilio mtaa mzima kwa siku nyingi, usiniambie "ziwa tu". Mkondo unaokimbia kando ya gati unakubeba hata kama unajua kuogelea. Wakanuna, wakapigia picha mchangani, jua likazama nyuma ya minara, watu wakapiga makofi. Wanalipigia jua makofi.

Saa 5 na nusu usiku niko nyumbani. Mzee aliniachia hela ya soda, dola 20. Namwaga mchanga wa viatuni kwenye sinki, na Mwanza kumekucha, mama ameshaona status, ananipigia. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hiyo nyumba nyekundu nzuri hivyo ya nani? Nikamwambia hakai mtu mama, ni taa. Akanyamaza kidogo, akasema mbona basi umesimama nje, hawakukukaribisha?