"Mama, maji yanaonekana leo?"

Nimerudi. Hii ni wiki ya tatu niko Sanje na nataka kuandika haya sasa hivi kabla macho hayajazoea, maana nayaona yanaanza kuzoea na mimi sitaki yazoee. Niliondoka 2012, nimekaa Ujerumani miaka 13, katikati nilikuja mara moja tu siku nne kumzika mzee na siku zile sikuona kitu zaidi ya watu na kaburi. Kwa hiyo hii ndo naihesabu kurudi.

Kwa asiyepajua, Sanje ni kijiji kilichoegemea milima ya Udzungwa, upande wa Kilombero, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Nilipanda SGR toka Dar mpaka Morogoro, wakati naondoka hiyo treni haikuwepo, afu nikachukua basi la Ifakara, na tulipovuka Kidatu nikawa nasubiri vumbi lianze, vumbi la barabara yetu nalijua mpaka harufu yake, halikuanza, siku hizi ni lami. Ila mimi macho yalikuwa dirisha la kulia muda wote. Miwa, miwa, miwa, afu nyuma ya miwa msitu umesimama kama ukuta, na kwenye ule ukuta ghafla mstari mweupe. Yule dada niliyekaa naye akaniuliza kaka unalia? Nikamwambia ndiyo.

Ule mstari ndo maporomoko ya Sanje, mita 170 jumla, yanashuka kwa hatua tatu. Nyumbani kwetu ukitoka mlangoni ukaangalia juu unayaona. Na hapa lazima niseme kitu, nimekulia chini ya yale maji na sijawahi kuyafikia. Hata siku moja. Shuleni tuliambiwa ni hifadhi, huwezi tu kuingia, na kwa kweli tukiwa wadogo tuliona ni vitu vya wageni wenye mabegi mgongoni. Tuliwaona wanapita asubuhi wanarudi jioni wana matope, sisi tuko barabarani na madumu.

Nikiwa kule Ujerumani kila nilipopiga simu nilikuwa na swali moja kabla ya yote. Mama, maji yanaonekana leo? Na mama anatoka nje, nasikia kabisa mlango na kuku, anaangalia mlimani afu ananiambia. Leo mazito, mvua imenyesha huko juu. Leo kama uzi. Leo wingu limefunika, sioni kitu baba, piga kesho. Miaka 13 hiyo. Kuna majira ya baridi niliyapita kwa hilo jibu tu, natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya kazi, giza, theluji, napiga simu, mama anasema leo mazito, nalala.

Basi siku ya nne tangu nifike nikamwambia mama kesho napanda. Akaendelea kuchambua mchele wake, afu akasema, tutaondoka saa ngapi? Nikamwambia mama ni mlima ule, una miaka 66. Akasema nimekuuliza saa ngapi.

Ofisi ya hifadhi iko Mang'ula, mbele kidogo. Unalipia pale na unapewa mwongozaji, huruhusiwi kwenda mwenyewe. Hifadhi nzima ni ya miguu, kilomita za mraba 1,990 na hakuna barabara ya gari ndani, kama hutembei huoni. Aliyetuongoza ni kijana wa hapa hapa, mdogo wake mtu niliyesoma naye, alipomwona mama tu akamwambia shikamoo mama, na wewe unapanda? Marahaba baba, napanda.

Njia inaanza taratibu, afu inakuwa mwinuko kweli kweli, inapindapinda kwenye mizizi na mawe, na udongo wa mwezi wa sita bado una unyevu wa masika, ukikanyaga vibaya unateleza. Dakika kumi tu miwa imepotea, joto limepotea, jua limekuwa vipande vipande chini. Na harufu. Ile harufu ya majani yanayooza na maji sijaikuta popote pengine, na nimetembea misitu mingi kule kwa wenzetu, mizuri, safi, miti imepangwa kwa mstari, lakini haina hii harufu. Huu msitu unaanzia bondeni kama mita 250 tu juu ya bahari na unapanda mpaka zaidi ya mita 2,000, kilele kirefu kuliko vyote, Luhombero, ni mita 2,576, mwongozaji anasema sehemu chache sana Afrika Mashariki zimebaki hivyo, msitu unaoungana toka chini mpaka juu bila kukatika.

Mama alikuwa mbele. Nilidhani nitakuwa nampa mkono, kumbe anajua pa kukanyaga kuliko mimi, anainama kidogo, mkono mmoja gotini, anakwenda. Tulipofika kwenye jiwe moja kubwa akasimama akaweka kiganja juu yake akasema hapa tulikuwa tunatua kuni.

Hiyo nilikuwa sijui. Yaani nilijua mama alikuwa anakwenda kuni, kila mtoto wa hapa anajua, hifadhi ilianzishwa 1992 na kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vya chini waliruhusiwa siku maalum kuingia kuokota kuni kavu, mpaka 2011 ilipozuiwa. Nilikuwa naiona mizigo ikifika uani. Sikuwahi kuwaza ilikotoka. Nimesimama pale na kibegi changu kidogo chenye maji na mkate, mapaja yanatetemeka, naangalia ule mteremko tuliopanda na najaribu kumwona mama yangu anaushuka na mzigo kichwani, wiki hadi wiki, ili sisi tule. Nikamuuliza mbona hukuwahi kusema. Akasema kusema nini, kuni ni kuni.

Nikamuuliza pia kama walipozuiwa aliumia. Alifikiri kidogo. Akasema mwaka wa kwanza ndiyo, tuliumia sana, mkaa bei, kuni za kununua, wengine mpaka leo wana kinyongo na mimi siwalaumu. Afu akaonyesha juu, miti, akasema lakini miti imejaa, tazama, hapa palikuwa peupe. Mwongozaji alinyamaza, na mimi nikanyamaza. Naamini vyote viwili ni kweli na sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Juu zaidi kwenye mwamba wenye kivuli mwongozaji akatuonyesha vimea vidogo vyenye majani manene ya manyoya, ua la zambarau. Nikaganda. Kule kazini kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 91, dirishani kwake ana chungu cha ua hili hili, Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara, liko madukani kwao kila mahali na wengi hawajui kwamba Usambara ni milima ya Tanzania. Niliwahi kumwambia bibi hili ua ni la kwetu, akaniuliza linaota wapi, nikasema milimani, sikuwa na zaidi ya hapo. Sasa ninalo jibu. Udzungwa na Usambara ni ndugu, zote ni Milima ya Tao la Mashariki, na maua ya jamii hii yanaota porini humu, kwenye mwamba unaotoa jasho la maji, sehemu jua haligusi. Sikuligusa. Nilipiga picha moja nitamtumia.

Afu tukasikia sauti, nzito, inaruka ruka toka upande wa pili wa korongo. Mama hata hakugeuka, akasema ngolaga hao. Mwongozaji akacheka kwa furaha, akasema ndiyo mama, mangabey wa Sanje. Ni nyani wa hapa Udzungwa tu, dunia nzima hawapo pengine, wanasayansi walikuja kumtambua 1979. Mwaka huo mama alikuwa msichana wa miaka 20 na anasema alikuwa anawasikia tangu hajaanza shule. Mbega wekundu wa Iringa tuliwaona kwa macho, kundi zima linaruka juu yetu matawi yanavunjika, ngolaga wenyewe hatukuwaona, sauti tu.

Maji unayasikia kabla ya kuyaona, kwanza unadhani ni upepo. Afu hewa inakuwa baridi, majani yote yana matone, na njia inafunguka na yako pale mbele yako. Sijui niandike nini hapa. Ule uzi mweupe wa utoto wangu sio uzi, ni kitu kinachotetemesha kifua, unaongea na mtu aliye mita moja hakusikii. Tulifika asubuhi na maporomoko yanatazama mashariki, jua lilikuwa limeyapiga moja kwa moja na upinde wa mvua umelala kwenye moshi wa maji. Niliingia kwenye dimbwi na nguo zangu, maji ya baridi kuliko nilivyotegemea, nikakaa pale shingo ikiwa juu nikamlilia mzee wangu vizuri, kilio ambacho msibani sikukipata. Mama alivua viatu akaosha uso, mikono, miguu, taratibu, akakaa kwenye jiwe akafunga macho. Hakuniita. Aliniacha mpaka nilipomaliza.

Kule juu kuna mahali bonde lote linafunguka. Miwa mpaka upeo wa macho, mashamba ya mpunga yanang'aa, reli ya TAZARA, barabara, na mabati ya kijiji. Mama akanyoosha kidole, lile la bluu pale karibu na mwembe, ndo sisi. Nikaliona. Ndogo kama kiberiti.

Netiweki ilikuwepo. Mama akaniomba simu, akampigia dada yangu aliyebaki nyumbani, nikadhani anataka kumwambia tumefika salama. Akamwambia, toka nje uangalie mlimani, maji yanaonekana leo?

Nikasikia mlango. Nikasikia kuku.

Mazito, dada akasema. Mazito sana leo.