Ninavyofuatilia chaneli zinazohama angani nikiwa Wete

Huku Pemba chaneli ya bure ikizimika, watu humwita fundi. Fundi hupanda juu ya bati, hulitikisa dishi, hushika rimoti akafuta chaneli zote na kutafuta upya, na akikosa husema setilaiti imekufa. Setilaiti kufa si jambo la kila wiki. Mara nyingi chaneli imehamishiwa masafa mengine, au imebadilishwa kutoka V (mawimbi ya wima) kwenda H (ya mlalo), au wenyewe wameifunga ili watu walipie. Mimi si fundi, nina duka la vipuri vya pikipiki, lakini nilichoka kuambiwa setilaiti imekufa huku nyumba ya pili wanaangalia. Ndipo nikaanza kuyafuatilia mambo haya mwenyewe.

Dishi nililipata kwenye nyumba moja ya wageni iliyokuwa inahamia ving'amuzi vya kulipia. La futi nane, la wavu, limekula kutu kwenye nati lakini wavu wenyewe mzima. Nilililia sana lile dishi, maana kwa bendi ya C, ile ya masafa ya chini, udogo wa dishi haukubaliki. Bendi hiyo ina faida yake kwetu: mvua ya masika inaweza kumwagika mchana kutwa na picha ikabaki, wakati vidishi vidogo vya bendi ya Ku, ya masafa ya juu, vinakata wingu likishatanda tu.

Bomba la kusimamishia nilichimbia chini na kumwaga zege, nikalipima kwa timazi pande zote. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Bomba likilala hata kidogo, kila utakapozungusha dishi kwenda setilaiti nyingine utakuwa unatafuta gizani.

Setilaiti za televisheni zote zimejipanga juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo ule mstari unapita karibu na utosi wetu, umeegemea kaskazini kidogo. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini wanazitafuta chini kule, nyuma ya maghorofa. Sisi adui yetu ni mnazi. Setilaiti zilizo juu ya longitudo ya nyuzi 36 mashariki, wanakotoka DStv, ziko karibu utosini kabisa. Ile ya nyuzi 7 ya Azam iko upande wa magharibi. Langu nililielekeza nyuzi 68.5, kwa Intelsat 20, iliyorushwa mwaka 2012. Hiyo unaipata mashariki, na dishi linainuka kiasi cha nyuzi 56. Pembeni ya LNB ya kwanza, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, nikafunga ya pili, ikapokea nyuzi 60 kwa dishi lilelile.

Kazi yenyewe ya kufuatilia inafanyika kwenye daftari. Daftari la shule, la kurasa mia mbili. Kila mstari una tarehe, saa, masafa, V au H, simboreti (kasi ya data), majina ya chaneli zilizomo na ubora wa mawimbi kwa asilimia. Hiyo asilimia usilinganishe na ya risiva ya jirani, kila kiwanda kina hesabu zake. Linganisha na ya kwako ya wiki iliyopita. Watu huniuliza kwa nini nisiiachie risiva ikumbuke yenyewe. Risiva hukumbuka kilichopo tu. Kilichokuwepo, na kilitoka lini, risiva haikuambii, na ukishatafuta upya kama wanavyopenda mafundi, hata hicho kidogo umeshakifuta.

Faida ya daftari niliiona wakati chaneli ya Makka ilipopotea, Ramadhani ikiwa mlangoni. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alinijia dukani mwenyewe.

"Mwanangu, Makka imeondoka. Watu watasali Tarawehe na mimi nitazame ukuta?"

"Haijaondoka, bibi. Nipe mpaka usiku nikuangalizie."

Tarawehe za Makka kwake ni jambo kubwa, na sisi tuna bahati kwamba saa ya Makka na ya Zanzibar ni moja, akimaliza kusali zake anazikuta za kule zinaendelea. Usiku nikafungua daftari. Kitu cha kwanza sikuitafuta Makka, niliwatafuta wenzake, zile chaneli zilizokuwa nayo kwenye transponda moja, yaani chombo kimoja cha setilaiti kinachorusha chaneli kadhaa kwa masafa mamoja. Wote wapo, ubora uleule wa mwezi uliopita. Basi dishi halina kosa, waya hauna kosa, setilaiti haina kosa: ametoka mmoja tu, na aliyetoka peke yake kwa kawaida amehama. Nikapita transponda moja baada ya nyingine kwenye setilaiti ileile, nikaikuta. Iko kwenye masafa mapya, na sasa inarushwa kwa DVB-S2, mfumo mpya zaidi wa kurushia. Hapo tatizo la bibi likajulikana. Risiva yake ni ya zamani, ya DVB-S, na hiyo DVB-S2 haiwezi kuisoma hata umpe masafa sahihi yaliyoandikwa kwa wino wa dhahabu. Fundi angetikisa dishi mpaka Idi. Mjukuu wake aliye Unguja akampelekea risiva mpya kwa boti, nikaingiza namba zile, akaipata usiku wa pili wa Ramadhani. Alinilipa kwa mkate wa kumimina.

Kuna upotevu mwingine ambao hauna aliyeufanya. Kila mwaka karibu na tarehe 20 Machi na tena 22 Septemba, jua linapita nyuma ya setilaiti kwa siku kadhaa mfululizo. Jua nalo linatoa mawimbi, na dishi likilitazama moja kwa moja linazibwa masikio. Kwa nyuzi 68.5 huku kwetu inatokea saa nne na robo asubuhi hivi: picha inaanza kukatika vipande vya mraba, inaganda, inazima, na baada ya dakika chache inarudi kama hakukuwa na lolote. Wanaoangalia nyuzi 7 watakatikiwa kwenye saa tisa alasiri. Simu za malalamiko wakati huo mafundi wanazipokea nyingi, na wapo wanaokwenda kugusa dishi lililokuwa sawa.

Mimi dakika hizo nazisubiri kwa hamu. Nasimama mbele ya dishi, pembeni nisizibe, naangalia kivuli cha LNB kwenye wavu. Kinatoka upande mmoja, kinasogea taratibu, na jua linapofika nyuma ya setilaiti hasa kinatakiwa kiwe katikati, pale kwenye sahani ndogo ya chuma ambapo mbavu zote za dishi zinakutana. Kikiwa kimekaa juu au chini yake, dishi limelala, na ninajua limelalia wapi bila ya mita yoyote. Mwaka ambao Kusi ilivuma kwa nguvu nilikikuta kivuli kimepita katikati kwa upana wa vidole viwili. Nikashika spana, na ubora ukapanda siku ileile.

Halafu kuna ile Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024. Usiku nilipokaa kuandika, LNB ya pembeni haikuleta kitu. Masafa yote ya nyuzi 60 niliyokuwa nayo yalikuwa kimya, V kwa H. Nyuzi 68.5 kwenye dishi lilelile zilikuwa na ubora wake wa siku zote, kwa hiyo dishi halikusogea. Nikabadilisha waya, nikahamishia LNB nyingine nzima, hali ikawa ileile. Nikaandika "nyuzi 60, zote" nikaweka na saa. Baadaye habari zikatoka: Intelsat 33e, iliyorushwa mwaka 2016 na kuwekwa hapo nyuzi 60, ilikuwa imevunjika vipande angani siku hiyohiyo, na jeshi la anga za juu la Marekani likasema linafuatilia vipande kama 20. Safari hiyo fundi wa mtaani kwetu alisema setilaiti imekufa, na alikuwa na haki yake.

Ninalolipenda kuliko yote, hata hivyo, ni la setilaiti moja kuukuu ninayoitembelea nikizungusha dishi. Haina chaneli za kudumu, inarusha matangazo ya kupita tu. Mawimbi yake nilikuwa nayapata, kisha yanazama, kisha yanarudi, mbingu nyeupe na upepo hakuna. Nikaanza kuandika saa ya kuzama. Siku ya pili ilizama dakika nne kabla ya saa ya jana. Siku iliyofuata, dakika nne tena. Mvuvi yeyote wa hapa anajua maji ya bahari huchelewa kila siku. Haya yangu yalikuwa yanawahi.

Sababu yake ni mafuta. Setilaiti ikizeeka, wenyewe huacha kuizuia isiyumbe kaskazini na kusini ili mafuta yaliyobaki yaisukume miaka zaidi. Mwezi na jua huivuta, njia yake ikawa inainama karibu nyuzi moja kila mwaka. Ukiwa ardhini unaiona inapanda kaskazini na kushuka kusini mara moja kwa kila mzunguko, na dishi la futi nane linaona kipande cha nyuzi mbili hivi tu, hivyo ikifika mwisho wa yumbo lake inatoka nje. Na mzunguko wake si saa 24 kamili, ni saa 23 na dakika 56, ndiyo zile dakika nne. Kwa mwezi zinafika saa mbili. Sasa sikeshi tena kuisubiri: nafungua daftari, nahesabu, nakwenda saa yake.

Ninachokosa ni mtu wa Unguja mwenye dishi la futi sita kwenda juu, tulinganishe siku za mvua, kwa sababu mvua ya Wete na ya Makunduchi hazinyeshi pamoja. Ukiwa naye au ukiwa wewe, andika saa na masafa. Usiniandikie "jana usiku ilikuwa inakatakata."