Umetoka majuu halafu unapanda matatu?

Swali hilo nimeulizwa na shangazi, na jirani, na hata kijana wa bodaboda wa hapa Mamboleo. Huu ni mwezi wa pili tangu nirudi Kisumu, baada ya miaka kumi na mmoja Vienna, na kila asubuhi nateremka stejini kupanda matatu ya mjini.

Kule sikuwahi kumiliki gari. Kuanzia 2012 tiketi ya mwaka mzima iliuzwa euro 365, yaani euro moja kwa siku, na kwenye tramu moja ungemkuta daktari na mfagiaji wamekaa bega kwa bega. Bosi wangu alikuja kazini kwa treni ya chini ya ardhi, na hakuna aliyedhani amefilisika.

Hapa kaka yangu mkubwa huenda mjini na gari peke yake, viti vinne vitupu. Pale Kondele tunakwama naye foleni ileile. Mafuta yanamla kuliko nauli. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe. Nilipombana sana akanijibu, "Ndugu yangu, mteja akiniona nashuka matatu, kazi sipati."

Nilitaka kumbishia. Kisha Alhamisi mvua ikanyesha, nauli ikapanda papo hapo, na makanga akachomoa sambaza, ule ubao wanaolaza katikati ya viti. Akamgeukia mama mzee mwenye beseni la omena: "Mathe, songa, huoni wenzako?" Mama akasonga, beseni kifuani, goti likabanwa kwenye kiti cha mbele. Wote tulinyamaza. Nami nilinyamaza, na linaniuma mpaka sasa. Sheria za Michuki za 2004, zile kanuni za matatu za waziri wa uchukuzi John Michuki, zilimpa kila abiria kiti chake na mkanda wake. Nilikuwa shule wakati huo, nakumbuka jinsi tulivyokaa kwa nafasi.

Ndipo nikamwelewa kaka. Analipa mafuta yote hayo ili asiambiwe "songa". Hata ukimpanulia barabara na kumpunguzia nauli, hatarudi stejini mpaka abiria aheshimiwe kama mtu. Nimemwomba tupande pamoja siku moja tu. Bado anakataa.

Leo asubuhi ubao ulipotoka tena, nilimwambia makanga kwamba sikai juu yake, wala msichana aliye kando yangu hakai. Abiria wa nyuma akaitikia, "Kweli kabisa." Makanga akanung'unika, akaurudisha chini ya kiti, tukaondoka tukiwa 14, kila mtu na kiti chake.