Pedi mpya, paipu iliyobanwa: breki za gari nililonunua Nakuru

Toyota Fielder niliyonunua Nakuru ilikuja na risiti ya gereji. Risiti ilisema breki zimeshughulikiwa zote: pedi mpya mbele, lainingi mpya nyuma (hizo ndizo zinazosugua kama pedi, ila kwa ndani ya dramu), mafuta ya breki yamebadilishwa. Muuzaji, mzee mpole aliyestaafu, aliinama akanionyesha pedi zile kupitia matundu ya rimu. Zilikuwa mpya kweli. Tulipolizungusha gari mjini, kanyagio lilikuwa gumu na gari lilisimama sawasawa.

Lakini mjini karibu kila gari husimama. Breki hupimwa kwenye mteremko, na safari ya Nakuru hadi Kisumu ina mteremko wa kutosha. Unapanda hadi Mau Summit, unapita Londiani Junction, ambapo tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Sipiti pale bila kuwakumbuka. Kisha ukiiacha Kericho, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, unateremka hadi nyanda za Ahero na Kisumu, ambazo ziko chini kwa zaidi ya mita 800.

Nilishuka kwa gia ndogo, na bado kila nilipogusa breki usukani ulivuta kidogo upande wa kulia. Nikasikia harufu ya breki inayoungua. Nilipofika Kipsitet niliegesha mahali penye nafasi, nikazunguka gari nikisogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa likitoa joto kali. La mbele kushoto na la nyuma kulia yalikuwa na joto la kawaida. La nyuma kushoto lilikuwa baridi, kama gari limelala uani usiku kucha.

Joto ndilo ushahidi hapo. Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano ni joto. Gurudumu lililoteremka kutoka Kericho likabaki baridi halikufanya kazi yoyote. Nilimalizia safari polepole nikiwa nimeacha nafasi kubwa mbele yangu, na kesho yake asubuhi nikalipeleka gari kwa fundi ninayemwamini, karibu na soko la Kibuye.

Yeye hakukimbilia spana. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akaweka gia huru, akashusha handibreki, akainua nyuma kwa jeki na kulizungusha lile gurudumu kwa mkono. Mimi nikakanyaga breki kwa nguvu. Lilizidi kuzunguka. Tukafanya vivyo hivyo upande wa pili, na hilo lilikwama papo hapo. Jaribio hili halihitaji mashine, na ningependa kila anayenunua gari lililotumika alifanye kabla ya kutoa pesa, hata kama ana risiti kumi mkononi.

Akaingia chini ya gari. "Mama, njoo uone kazi ya watu," akaniita. Paipu ya chuma inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu lile ilikuwa imekunjwa ikagongwa nyundo mpaka ikazibika. Tulipofungua dramu, kile kifuniko cha duara kinachozunguka na gurudumu, sababu ikaonekana: wili silinda, kisilinda kidogo kinachosukuma lainingi kwa nguvu ya mafuta, ilikuwa inavuja, na zile lainingi mpya zilizoandikwa kwenye risiti zilikuwa zimelowa mafuta. Badala ya kununua silinda nyingine, wakalizima gurudumu zima. Hakuna tena uvujaji, kanyagio linakuwa gumu, mteja anafurahi.

Hata handibreki ilisaidia kuuficha uovu huo, kwa sababu hiyo huvutwa kwa waya na haitegemei mafuta. Ukiivuta, gari linashika.

Kilichoniuma zaidi ni maelezo aliyonipa fundi kuhusu namna mafuta yanavyogawanywa. Katika gari la aina hii njia za breki ni mbili na zimepishana: moja hulisha mbele kulia na nyuma kushoto, nyingine mbele kushoto na nyuma kulia. Zimepangwa hivyo ili njia moja ikipasuka ubaki na magurudumu mawili. Mimi, kama ile njia ya pili iliyokuwa salama ingepasuka mlimani, ningebaki na gurudumu moja la kunisimamisha, na mama yangu na watoto wakiwa ndani. Huo si uzembe mdogo. Aliyegonga ile nyundo alijua anachokifanya.

Mbele kulia kulikuwa na kosa jingine. Pedi mpya zilibandikwa bila kusafisha wala kupaka grisi pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski), kwa hiyo pedi hazikuwa zikiachia vizuri. Ndiyo ile harufu. Nayo mafuta ya breki yalikuwa meusi, hakuna aliyeyabadilisha. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na yakishanyonya huchemka upesi: kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 3, aina ya mafuta ya breki, yakiwa mapya ni nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yenye maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na kanyagio linazama mpaka chini.

Tulibadilisha wili silinda na lainingi za nyuma pande zote mbili, paipu nzima, na mafuta kutoka kwenye mkebe tulioufungua sisi wenyewe, kisha tukatoa hewa gurudumu moja baada ya jingine.

Nilimpigia muuzaji. "Mzee, habari za nyumbani? Nakutumia picha, tafadhali ziangalie kwanza." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Binti yangu, mimi nililipa kazi hiyo yote." Nilimwamini. Alinitumia pesa za spea kwa M-Pesa, akaniomba kile kipande cha paipu na ile silinda nivifunge vizuri nimpelekee kwa matatu, kwa sababu alitaka kuingia navyo mkononi katika gereji iliyomwandikia risiti. Nilivituma siku hiyohiyo.